Golikipa Aliyedaka Mpira wa Mlezi Mkuu

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini nimeshauriwa nisilitaje. Aliyenishauri alikuwa mtu mpole mwenye viatu vinavyong'aa, akasimama mlangoni kwangu akanieleza kwamba jina la nchi likitajwatajwa ovyo hupungua heshima. Nikamshukuru. Ndivyo tulivyo huku kwetu, mtu akishauriwa hushukuru, kisha hufunga mlango na kuuhakikisha kama umefungika.

Itoshe kujua kwamba ni nchi ya amani. Amani yetu ina wizara yake na magari yake, na mara nyingine huamka mapema kuliko sisi, ikaja nyumbani kwa mtu alfajiri kumjulia hali.

Mimi ni fundi redio. Meza yangu iko kwenye baraza ya saluni ya Bwana Pazi, kinyozi wa Soko la Mbao, na hapo ndipo penye kijiwe chetu. Sisi wote wa kijiwe ni Kengele. Nieleze kidogo kwa wasioijua nchi: kuna timu mbili tu, Kengele na Tarumbeta. Zipo nyingine, lakini zimewekwa ili hizi mbili zipate wa kumfunga. Mtoto akizaliwa huulizwa kwanza ni wa timu gani, ndipo huulizwa kama ni mzima.

Tarumbeta ni watani wetu. Na mtani, kwa desturi yetu, unaruhusiwa kumzulia lolote. Unaweza kusema ni mwizi wa kuku, ni mchawi, analala na taa kwa kuogopa panya. Naye haruhusiwi kukasirika. Anatakiwa acheke, kisha akuzulie kubwa zaidi. Mwaka mmoja Watarumbeta walitangaza mtaa mzima kwamba mimi nimekufa, wakaja kwangu na sanda na kilio, na mmoja wao akawa anapima urefu wangu nikiwa nimesimama. Mke wangu akawapikia wali, tukala pamoja. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Mtani wetu mkubwa kuliko wote alikuwa golikipa wao, Salehe Mndeme, ambaye nchi nzima ilimwita Kufuli. Tena alikuwa mkwe wa Bwana Pazi. Siku Bwana Pazi alipomwoza binti yake Mkejina kwa golikipa wa Tarumbeta alilia hadharani, na wageni kutoka mbali wakasema, tazameni baba anavyompenda mwanawe. Sisi wa kijiwe tulijua analia nini.

Sasa, mkwe ni mtu wa heshima, hataniwi. Jambo hili lilimtesa sana Bwana Pazi, maana Kufuli alikuja kunyolewa kwake kila wiki, na ilikuwaje Mkengele amshike Kufuli kichwa mikononi asiseme neno? Akaamua hivi: kitambaa cha kunyolea kikishafungwa shingoni, ukwe umekwisha, ni watani. Kitambaa kikifunguliwa, ukwe umerudi, wanaulizana habari za nyumbani kwa sauti ya chini. Kufuli alikubali. Wakati mwingine alikuwa akishaingia tu anasema, "Baba, nifunge upesi, nina la kukuambia kuhusu hiyo timu yako mbovu."

Kuna jambo jingine la kulitaja, si kwamba linahusiana na yanayofuata, ila ni historia ya mchezo. Pambano la watani huchezwa siku ya kuzaliwa kwa Mlezi Mkuu, anayetuongoza. Kabla ya mechi yeye mwenyewe hushuka uwanjani akapiga penalti ya heshima. Golikipa hujirusha upande ambao mpira haupo, mpira huingia, mizinga hupigwa. Mwaka jana zamu ya kukaa langoni ilikuwa ya Tarumbeta, na Kufuli akaudaka.

Hakukusudia. Alituambia baadaye kwamba mikono ilikwenda yenyewe. Uwanja ulinyamaza hata tukaisikia bendera. Kufuli akautazama ule mpira mikononi mwake kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiyemjua, kisha akauweka chini taratibu, akageuka, akausukumia kwa mguu ndani ya lango lake mwenyewe. Mizinga ikapigwa. Gazeti la Serikali likaandika kwamba Mlezi Mkuu alifunga bao kwa hatua mbili, jambo ambalo ni gumu zaidi kitaalamu.

Tulicheka sana kijiweni. Tulicheka kwa sauti ya kadiri.

*

Mwaka huu pambano lilipokaribia, uliibuka ukurasa mtandaoni uitwao Sikio la Ukuta. Haukuwa na picha ya mtu wala jina la mtu. Siku ya kwanza ukaandika: "Golikipa wa timu fulani ya rangi ya chungwa haoni vizuri jua likianza kushuka. Msiniulize nimejuaje."

Bwana Pazi alizima mashine huku mteja akiwa amenyolewa upande mmoja, maana jambo kama hilo haliwezi kujadiliwa kwa kelele.

"Kweli tupu," alisema Mama Chausiku, anayeuza chai ya tangawizi na vitumbua mlangoni pa saluni. "Si mimi mwenyewe nililisema hapa hapa juzi? Nilimwambia Kufuli, wewe mwanangu jioni huoni, ndiyo maana umeingia timu ile ukadhani ni Kengele."

"Ulikuwa unamtania," alisema Mzee Mwinyimvua. Huyu ni mwalimu mstaafu, na kazi yake kijiweni ni kutilia shaka.

"Nilikuwa namtania, sawa. Sasa ona, na Sikio la Ukuta nalo limesema. Tumekuwa wawili, mimi na Sikio. Jambo likisemwa na wawili wasiojuana, mzee wangu, huo si utani tena."

"Sikio limelipata kwako, Mama Chau."

"Linipate wapi? Ananijuaje huyo asiyekuwa na jina?"

Bwana Pazi akaniuliza mimi, kwa kuwa simu yangu ndiyo isiyokatika mtandao, kama Watarumbeta wamekana. Nikamwambia wamekana.

"Wamekana kwa hasira?"

"Wametutukana mpaka nyanya zetu waliokufa."

"Basi ni kweli," alisema Bwana Pazi. "Mtu hakasirikii uongo."

"Na kama wangekaa kimya?" akauliza Mzee Mwinyimvua.

"Ingekuwa kweli zaidi. Kimya cha nini kama huna la kuficha?"

"Na kama wangecheka?"

"Ah, wangecheka ndiyo tungejua wanaficha aibu."

"Sasa Pazi, hapo uongo utapita wapi?"

"Haupiti," alisema Bwana Pazi kwa fahari. "Ndiyo uzuri wa kipimo chetu."

Tukanyoosha mikono. Desturi ya kijiwe ni kwamba tetesi huthibitishwa kwa mikono, na mkono usionyooshwa huwanunulia wenzake chai. Kwa hiyo siku zote tunaafikiana. Mzee Mwinyimvua hunyoosha wa mwisho, kimo cha bega, akitazama pembeni.

Kufuli alikuja kunyolewa wiki ile ile. Alikuwa mrefu, akiingia alilazimika kuinama, na mikono yake ilikuwa mipana hata kikombe cha chai kilipotelea humo. Akamwamkia Bwana Pazi, "Shikamoo, Baba," akaitikiwa, "Marahaba, mwanangu, Mkejina hajambo?" Kitambaa kikafungwa.

"Haya, kipofu," alisema Bwana Pazi, "umefikaje hapa? Nani kakushika mkono?"

"Ni kweli, Baba, jioni sioni kitu," alisema Kufuli. "Mpira wa Kengele sijawahi kuuona langoni kwangu tangu nianze kucheza. Nadhani ni haya macho."

Tulipiga kelele, hata wauza mbao wakaja kuchungulia. Mama Chausiku hakukubali kushindwa. "Na zile glavu unazozipigapiga kabla ya kona, pa, pa, pa. Unampigia nani ishara? Wale wa ng'ambo ya mto?"

Ng'ambo ya mto kuna nchi nyingine. Tumefundishwa tuichukie tangu darasa la kwanza, na tumeipenda kazi hiyo.

"Nawaita waje," alisema Kufuli akicheka. "Waje waone Kengele inavyofungwa."

Nilimpenda sana yule kijana, nasema wazi. Alijua kutaniwa.

*

Siku chache baadaye gari la Wizara ya Utulivu lilisimama mbele ya saluni. Akashuka bwana mmoja wa makamo, Afisa Tegemeo Mgaya, kutoka Idara ya Uhakika. Tukasimama wote, na mteja aliyekuwa kwenye kiti akasimama na povu lake. Afisa Mgaya akatuomba tukae. Akatoa hotuba.

"Ndugu wananchi wapenda michezo! Kwa muda mrefu Idara yenu imehangaika kuutafuta ukweli kwa njia za kizamani. Tumeita mashahidi. Tumekusanya vielelezo. Tumefikia hatua, nasikitika kusema, ya kwenda mahali penyewe kutazama. Njia hizi huchelewesha maendeleo, na mara nyingi huleta majibu ambayo hayakutarajiwa. Wakati huo huo, ndugu zangu, hapa Soko la Mbao, kwa chai na vitumbua, kuna wazalendo wanaofikia uhakika kabla ya adhuhuri! Mlezi Mkuu ameguswa. Ameagiza tuache kiburi, tujifunze kutoka kwa wananchi."

Tukapiga makofi. Mama Chausiku alifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Kuanzia siku ile kijiwe kikaitwa Baraza la Kuthibitisha Tetesi. Tuliletewa benchi jipya lenye mgongo, na kofia zenye nembo ya sikio. Bwana Pazi akawa Mwenyekiti, akawa ananyoa akiwa na kofia kichwani. Sisi wengine tukawa Wajumbe. Kwetu nyumbani watoto waliacha kuniita baba kwa siku kadhaa, wakawa wananiita Mheshimiwa, nami sikuwakataza.

"Samahani, Afisa," aliuliza Mzee Mwinyimvua, kofia yake ikiwa bado mkononi. "Siku tukisema tetesi fulani si kweli, itakuwaje?"

Afisa Mgaya akacheka kwa upendo. "Mzee wangu, tumekichunguza kipimo chenu kwa makini. Hakijawahi kusema hivyo."

"Na hilo Sikio la Ukuta," aliuliza Mama Chausiku, akimmiminia chai, "kumbe ni la kwenu?"

Afisa akashusha kikombe. "La kwetu? Sisi tulidhani ni la kwenu."

Tukatazamana. Kisha kila mtu akatazama simu yake, halafu akatazama ya mwenzake. Nani alikuwa anaandika? Hakuna aliyeuliza tena, siku ile wala baadaye, kwa kuwa swali lenyewe lilihitaji mtu wa kuliuliza.

Afisa Mgaya hakuondoka na gari. Alibaki. Aliketi mwisho wa benchi, akaagiza kitumbua, na kuanzia hapo alikuwepo kila siku.

*

Sikio la Ukuta likaandika: "Golikipa wa rangi ya chungwa hupiga glavu zake kabla ya kila kona. Anayeielewa ishara hiyo yuko ng'ambo ya mto. Alipoulizwa hakukana. Alisema: nawaita waje."

Niliisoma kwa sauti, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Nilipomaliza nikaona hakuna aliyecheka.

"Haya maneno," alisema Mzee Mwinyimvua polepole, "tulikuwepo yakisemwa. Alikuwa amekaa hapo kwenye kiti."

"Ndiyo!" alisema Afisa Mgaya. "Kwa hiyo mnao ushahidi wa masikio yenu wenyewe. Ni nadra sana."

"Alikuwa anatujibu utani."

"Alisema au hakusema?"

"Alisema."

"Baraza liendelee," alisema Afisa, akajipangusa mafuta ya kitumbua kwenye vidole.

Wote tukamgeukia Mwenyekiti. Namjua Bwana Pazi tangu ujanani, na nikaona alivyokuwa anahangaika ndani ya ile kofia. Alikuwa anamfikiria mkwe wake. Lakini pia pambano lilikuwa limebaki wiki moja tu, watu walikuwa wamejaa kutoka soko zima kuja kutazama Baraza likifanya kazi, wote wamevaa zambarau ya Kengele, na mmoja akapiga kelele huko nyuma, "Pazi, wewe ni Kengele au ni mkwe?"

Hilo ni swali ambalo Mkengele haulizwi mbele za watu.

"Mimi ni Kengele!" alisema Bwana Pazi. Watu wakashangilia. Na kushangiliwa kuna ulevi wake, maana akaongeza la kwake, ambalo hata Sikio la Ukuta halikuwa nalo. "Tena nyumbani kwangu, kabla hajaingia, hupiga makofi mlangoni. Pa, pa, pa. Mnadhani anamwita nani?"

Watu waliruka juu kwa furaha. Alikuwa akipiga hodi, yule kijana. Kila mtu pale alijua kwamba mkwe mwenye adabu hupiga hodi.

Mikono ikanyooshwa. Mzee Mwinyimvua alinyoosha wake wa mwisho, akanong'ona kwamba siku hizi chai imekuwa ghali.

*

Amani ilifika nyumbani kwa Kufuli alfajiri ya kesho yake. Tuliambiwa na Mkejina, ambaye alikuja saluni asubuhi akiwa amevaa kandambili mbili tofauti.

"Baba, wamemchukua Salehe."

"Nani?"

"Hawakusema. Walikuwa na adabu. Walivua viatu mlangoni, wakaniamkia. Wakasema wanakwenda kumhoji kidogo. Wakaomba na glavu zake, nikawapa, wakazitia kwenye mfuko wa plastiki wakizishika kwa ncha za vidole." Akatutazama mmoja mmoja. "Wamesema jambo lake limeshathibitishwa. Nani amelithibitisha, Baba? Wana hakika gani, mtu aliyekuwa amelala kwake?"

Bwana Pazi akaivua kofia yake. Akaishika tumboni kwa mikono miwili, upande wa nembo ukimwelekea yeye. Mama Chausiku alianza kupanga vitumbua vilivyokuwa vimeshapangwa. Mkejina akaiangalia ile kofia ya baba yake, akaziangalia za kwetu, na sikuweza kumtazama usoni.

Tulikwenda Idara ya Uhakika siku ile ile, Baraza zima. Afisa Mgaya alitupokea ofisini kwa furaha, akasema ni mara yake ya kwanza kutembelewa na watu waliokuja wenyewe.

"Afisa, yale mambo yalikuwa utani," alisema Bwana Pazi.

"Utani ni nini, kwa mujibu wa sheria?"

Bwana Pazi akamweleza. Akamweleza habari za watani, na namna mtu anavyozuliwa na asikasirike, na ili aeleweke vizuri akampa mfano wa ile sanda yangu.

"Kwa hiyo," alisema Afisa, "mtu aliye hai alitangazwa amekufa, naye akala wali na waliomtangaza." Akanitazama kwa muda. "Hilo tutalirudia."

Nikajikuta ninatabasamu, sijui kwa nini.

"Ni uongo!" Bwana Pazi alipiga meza kwa kiganja, kalamu ya Afisa ikaruka. "Nasema ni uongo mtupu! Nimemwozesha mwanangu, nimemshika kichwa yule kila wiki, simjui mimi? Salehe hajui hata njia ya kwenda huko mtoni!"

Afisa Mgaya hakukasirika. Aliiokota kalamu, akaiweka sawa.

"Mwenyekiti, unakana?"

"Nakana!"

"Kwa hasira?"

Bwana Pazi akafungua mdomo. Akaufunga.

"Na sasa umekaa kimya," alisema Afisa kwa upole.

Hapo Mama Chausiku, ambaye hofu ikimzidi huwa haimtoi machozi, akacheka. Kicheko chembamba kilichokatika njiani. Akajiziba mdomo kwa kanga, lakini kilikuwa kimeshatoka.

"Na Mjumbe anacheka," alisema Afisa Mgaya, akasimama kutupa mikono ya kwaheri. "Ndugu zangu, nimefanya kazi hii miaka mingi, sijapata kuona jambo lililothibitishwa namna hii."

*

Pambano lilichezwa. Ingawa zamu ilikuwa yetu, safari hii pia golikipa wa Tarumbeta ndiye aliyewekwa langoni kwa penalti ya heshima, kijana mpya ambaye jina lake hakuna aliyelijua wala aliyetaka kulijua. Mlezi Mkuu alikuwa bado anashuka ngazi za jukwaa yule kijana alipojirusha upande wa kushoto. Akabaki amelala hapo, uso kwenye nyasi, mpaka mpira ulipopigwa na mizinga ikamalizika. Ilibidi wenzake waje wamwinue.

Tulishinda kwa mabao mengi. Yalikuwa yakiingia nasi tukisimama, tukikaa, tukisimama. Sijawahi kuona Kengele ikishinda hivyo, na sikusikia wimbo hata mmoja.

Tulipokuwa tunatoka tukakutana na Watarumbeta langoni. Kwa kawaida hapo ndipo huwa pana raha, hata ukiwa umeshinda hutoki bila kuambiwa umenunua refa, mkeo hakutaki, kichwa chako kina umbo la fenesi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejiandaa na maneno yangu. Walitupisha njia. Wakatazama kofia zetu, wakainamisha vichwa, watu wazima wenye mvi, wakasema, "Shikamooni, Wajumbe."

Mimi nimeona mambo katika nchi hii. Hilo liliniogopesha kuliko yote.

*

Kufuli alirudi. Nalisema hili kwa faida ya watu wa nje wanaopenda kueneza kwamba kwetu watu hawarudi. Alirudi kwa gari la Serikali, wakamshusha mlangoni kwake, wakamwambia Mkejina pole kwa usumbufu. Gazeti liliandika kwamba ameshirikiana vizuri na vyombo husika, na kwamba ameachana na soka kwa hiari yake.

Alikuja saluni siku ya kunyolewa kama zamani. Nywele zilikuwa zimeota ovyo. Joto lilikuwa kali, lakini alivaa shati la mikono mirefu lililofunika mpaka vidole, na mikono yenyewe ilikuwa mifukoni. Akainama kuingia.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Karibu sana."

Mama Chausiku akamletea chai. Akasema asante, hakuichukua. Akaiacha kwenye ukingo wa dirisha ikapoa. Aliketi kitini, Bwana Pazi akamfunga kitambaa, na alivyokifunga safari hii alikuwa mpole mno, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Afisa Mgaya alikuwa mahali pake mwisho wa benchi, akila.

Mashine ikawaka. Nilikuwa nimefungua redio ya mteja, nikawa nazigusa nyaya zake bila kazi. Kila baada ya muda Bwana Pazi alimtazama mkwe wake kwenye kioo, na Kufuli alikuwa anatazama pale kioo kinapoishia.

Nilimwelewa Bwana Pazi alichokuwa anakitafuta. Alitaka amsikie akicheka mara moja tu. Angecheka, tungejua bado yumo. Akatafuta uongo mkubwa kuliko wote, uongo ambao hakuna mtu chini ya jua angeweza kuuamini, wala kuukasirikia, wala kuufungulia jalada. Akalazimisha sauti yake ya zamani.

"Ee Kufuli! Nimesikia huko ulikokwenda ulikuwa unataga mayai."

Tukangoja. Mama Chausiku alikuwa ameshaanza kutabasamu ili kumsaidia.

"Ni kweli, Baba," alisema Kufuli.

Mashine ilikuwa inanguruma hewani, mbali na kichwa.

"Nilitaga," alisema. Sauti yake ilikuwa safi, ya mtu anayejibu shuleni. Kisha akainua macho, kwa mara ya kwanza, akamtazama baba mkwe wake kwenye kioo. "Mangapi, Baba? Niambie, nisije nikakosea."

Bwana Pazi akazima mashine. "Mwanangu," alisema Bwana Pazi, "nilikuwa natania. Salehe. Natania tu."

"Mwenyekiti," alisema Afisa Mgaya. Alikuwa ameweka kitumbua chini. "Nisaidie kuelewa. Huyu bwana amekiri mbele ya Baraza. Kama alichokiri ni kweli, basi ni mtu mkweli, ametoka kwetu mkweli, na hatuna shida naye. Lakini kama si kweli," akatikisa kichwa kwa masikitiko, "itakuwa amelidanganya Baraza. Na kama analidanganya Baraza, itabidi tujiulize alitudanganya mangapi kule. Tutalazimika kuanza naye upya." Akajipangusa vidole. "Baraza linasemaje?"

Mtaani watu walikuwa wanapita na mbao zao. Mkejina alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, akimsubiri mumewe arudi naye nyumbani.

Bwana Pazi alinyoosha mkono kwanza. Aliunyoosha juu kabisa, mpaka kwapa la shati likaonekana, na machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyafuta. Mama Chausiku akanyoosha wake. Nikanyoosha wangu. Mzee Mwinyimvua, ambaye kwa maisha yake yote kijiweni hakuwahi kupitisha mkono bega, aliunyoosha mpaka juu.

Afisa akatuhesabu kwa kidole. Hapo nikaona kitambaa cha kunyolea kinatikisika, kisha kinaanza kuinuka taratibu upande mmoja, kwa shida, mpaka kikafika usawa wa kidevu cha Kufuli. Naye alikuwa ananyoosha.